"Naacha kazi kwenu": mzee wa oveni alitamka Jumamosi, Jumatatu akarudi, mie HR nikabaki sijui kama ni mfanyakazi wetu

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote shikamooni, rika zangu mambo vipi.

Mie humu ni msomaji wa kimya. Huwa napita, nacheka, naondoka. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kichwani, na mpaka sasa sijui kama nililimaliza vizuri au nilibahatisha tu.

Majina nimebadilisha na kiwanda sikitaji. Ila yaliyotokea nayaandika yalivyokuwa, hata pale ambapo mie mwenyewe naonekana sieleweki.

Mie ni mdada, ni HR. Na kwa kampuni zetu hizi mnajua HR maana yake nini. Mie ndo wa mikataba, mie ndo wa likizo, mie ndo wa kumkimbiza mtu hospitali akiungua, mie ndo wa kusuluhisha watu waliogombea kabati la nguo. Idara nzima ni mie na kompyuta yangu.

Kiwanda ni cha mikate, kiko Temeke.

Mwenye kiwanda nitamwita Bosi Hemed. Ni familia ya Kiarabu ya hapahapa Dar. Babu alikuwa na duka, baba akafungua bekari, baba alipofariki Hemed akaishika. Si mtu mbaya, nawaambia mapema kabla hamjaanza kumshambulia kwenye comments. Mfanyakazi akifiwa, yeye anafika msibani kabla yangu. Ila akishaamua jambo, kumgeuza ni shughuli.

Wa pili ni Mzee Mwinyi, mkuu wa oveni. Mtu wa Mbagala, familia iliyokuwepo kule kabla barabara haijawa barabara. Alianza kazi enzi za marehemu baba yake Hemed.

Msije mkamchora kichwani kama mzee mpole mwenye busara zake. Hapana. Mzee Mwinyi ni mkorofi. Ananuna. Ukipita mlango wa oveni bila kumsalimia, wiki nzima hakuoni. Mie mwenyewe mwanzoni alikuwa ananiita "yule wa makaratasi".

Wa tatu ni Faraji, mtoto wa dada yake bosi. Kaletwa kuwa meneja wa uzalishaji. Kijana msomi, mchapakazi kweli, ila mdomo mwepesi. Yeye ndiye aliyemshawishi mjomba wake anunue oveni mpya ya gesi, ile yenye vitufe na saa yake.

Basi hao watatu na mie wa nne. Twende.

Jumamosi hiyo asubuhi nilikuwa mle ndani nakagua kama watu wamevaa kofia za kichwani, maana maafisa wa afya walikuwa wametuonya. Mashine ya kukandia unga inanguruma, watu wanaongea kwa kupaza sauti kama kawaida.

Saa ya oveni ikalia. Faraji akasema, "Mzee, toa."

Mzee Mwinyi akasema, "Bado."

"Saa imelia, mzee."

"Saa ndo inakula mkate?"

Watu wakacheka. Faraji hakupenda. Akasema, na hapa ndipo alipoharibu, "Mzee, kaa pembeni bwana. Waachie wanaoijua mashine."

Pale ndani pakawa pazito. Faraji akafungua oveni mwenyewe, akavuta trei.

Sasa wakuu, najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme mkate ulikuwa mbichi, kijana akaumbuka. Hapana. Mkate ulikuwa umeiva vizuri kabisa. Rangi nzuri, umepanda, harufu inakuita. Nimeuona kwa macho yangu.

Mzee Mwinyi aliuangalia ule mkate. Aliuangalia kwa muda. Halafu akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, wala hakufoka:

"Mie naacha kazi kwenu."

Akatoka.

Hebu rudieni kusoma hayo maneno, maana kesi nzima imo humo.

Ukiyasema kwa pumzi moja, "naacha kazi kwenu", maana yake naacha kazi hapa kwenu, kwaherini.

Ukiweka kituo kidogo, "naacha, kazi kwenu", maana yake mie siendelei na huu mzigo, mtajua wenyewe.

Mtu wa Dar anasema hivyo vyote viwili kila siku. Na mie nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake, na mashine inanguruma, na mie ni mtu wa kutoka bara, Kiswahili cha pwani nimekikuta ukubwani. Mpaka leo ukiniuliza kituo kilikuwepo au hakikuwepo, nitakwambia sijui. Kuna siku nakisikia. Kuna siku sikisikii.

Mchana bosi akanipigia.

"Dada, nasikia Mwinyi kaacha kazi."

"Bosi, kuna maneno kayasema, lakini sina uhakika kama..."

"Faraji kaniambia kasema mbele ya watu wote. Kavua na aproni. Basi, riziki yake imeisha hapa. Tafuta mtu."

Nikasema sawa bosi, tuyaongee Jumatatu. Nilidhani Jumatatu atakuwa amepoa.

Jumatatu nafika getini, namkuta Mzee Mwinyi amekaa kwenye benchi la nje, lile wanalokaa wenye maduka wakisubiri mikate. Amevaa nguo za kazi. Mlinzi ananiangalia kwa jicho la kuomba msaada.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwambie huyu afungue geti, nachelewa zamu."

Mlinzi akanivuta pembeni. "Dada, bosi kasema asiingie. Mie nifanye nini?"

Aisee. Nikaingia ndani, mkoba sijaweka, nikaenda moja kwa moja kwa bosi. Nikamwambia mzee yuko nje, kaja kazini. Bosi hata hakuinua kichwa. "Kaja kufuata haki zake. Mwandikie barua tumekubali kuacha kwake kazi."

Nikarudi ofisini, nikawasha kompyuta, nikakaa.

Sasa nisaidieni kufikiri kama nilivyokuwa nafikiri mie.

Mfanyakazi akitaka kuacha kazi anatoa notisi, tena ya maandishi. Huyu hajaandika.

Mwajiri akitaka kumwachisha mtu kazi lazima awe na sababu ya msingi na afuate utaratibu. Unampa tuhuma zake, unamuita kwenye kikao, anajitetea. Sisi hatujamshtaki kwa kosa lolote.

Nikasema labda utoro. Utoro gani? Mtu anafika kabla yangu kila siku, sisi ndo tumemfungia geti.

Kwa hiyo mkataba wa huyu mtu umevunjwa na nani? Na kama haujavunjwa, yule pale nje anafanya nini? Ni mfanyakazi aliyezuiwa kufanya kazi, au ni mpita njia aliyevaa sare zetu?

Nikaona njia rahisi ni kumuuliza mwenyewe. Nikatoka, nikakaa naye benchini.

"Mzee, samahani. Wewe umeacha kazi au hujaacha?"

"Umeniona nimevaa nini?"

"Nguo za kazi."

"Basi."

"Lakini Jumamosi ulisema unaacha."

"Nilisema nini?"

Hapo nikakwama, maana nikiyarudia yale maneno lazima nichague kuweka kituo au kutokuweka. Nikamwambia, "Mzee, niandikie tu mistari miwili, useme hujaacha kazi. Nitaipeleka juu."

Akanigeukia. "Kwani wewe kila asubuhi unaandika kwamba hujaacha kazi?"

Nikarudi ndani.

Nikaamua kuchukua maelezo ya waliokuwepo. Jamani, bora nisingefanya. Mmoja kaandika "alisema nimeacha kazi". Mwingine kaandika "alisema kazi kwenu". Mama wa kufungasha kaandika "alisema nimewaachia kazi yenu". Mmoja kaandika kwamba hakusikia kitu ila aliona uso. Faraji kaandika ukurasa mzima, na nampa haki yake, aliandika pia maneno yake mwenyewe ya "kaa pembeni", hakuyaficha.

Nikampelekea bosi ushauri wangu. Nikamwambia, bosi, tumuite rasmi, tumuulize, tuandike jibu lake. Akisema ameacha, tunaachana kwa amani. Akisema hajaacha, anarudi kwenye oveni, na kama kuna utovu wa nidhamu tunaushughulikia kama utovu wa nidhamu.

Bosi akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Dada, mie nikimrudisha leo, Faraji ataongoza nini pale ndani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa hatujadili sheria.

Barua niliiandika kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ila nilimwambia aisaini yeye, na akaisaini. Ilisema tumepokea na kukubali uamuzi wako wa kuacha kazi. Mzee Mwinyi alikuwa ameshakaa pale benchini siku kadhaa, anakuja asubuhi na kuondoka zamu inapoisha. Akaisoma taratibu, akaikunja, akainuka. Hakuniaga.

Sikulala vizuri wiki hiyo, ila nikajipa moyo, nikasema yameisha.

Hayakuisha. Baada ya muda ukaja wito wa usuluhishi wa mgogoro wa kazi. Mzee Mwinyi analalamika ameachishwa kazi isivyo halali.

(Naona kuna mdau ameshaanza kuuliza mambo kwenye PM kabla sijamaliza. Mkuu tulia, nilikuwa nakunywa chai. Naendelea.)

Siku ya usuluhishi tulikwenda mie na bosi kwenye gari lake. Njiani kimya, foleni ya kawaida, redio imezimwa. Tukiwa tumesimama kwenye mataa, bosi akacheka peke yake.

"Huyu Mwinyi bwana. Enzi za baba aliacha kazi sijui mara ngapi. Mwezi wa Ramadhani hata kuhesabu huwezi. Anaacha asubuhi, anarudi kesho."

Nikamuuliza, "Na mzee wako alikuwa anafanyaje?"

"Anampigia simu jioni. Wanaongea mpira. Kesho anakuja."

Taa zikaruhusu, akaendesha. Mie pale kwenye kiti nikahisi kama nimemwagiwa maji. Kumbe bosi wangu anajua kabisa kwamba mzee akisema anaacha, huwa hajaacha. Anajua tangu utotoni. Sasa mie naenda kusimama kule niseme nini? Kwamba tuliamini ameacha?

Nikasema moyoni, basi mzee ana haki, sisi tumekosea, tukubali yaishe. Kichwa kikatulia kidogo.

Hakikutulia sana.

Tulifika mapema. Bosi akatoka kuongea na simu, mie nikabaki kwenye korido. Mzee Mwinyi naye alikuwa pale, kavaa kanzu safi, kaja peke yake bila mwakilishi. Nikamsalimia, akaitikia, nikakaa kwa kuacha kiti kimoja katikati. Sikujua kama inaruhusiwa hata kuongea naye.

Akaanza yeye.

"Mkate ulitoka mzuri siku ile."

Nikasema, "Ndiyo mzee."

"Bila mkono wangu."

Akarekebisha kanzu yake, akaendelea.

"Enzi za marehemu nilikuwa nasema naacha, lakini ni hasira tu, na yeye anajua. Siku ile sikuwa na hasira, mwanangu. Nilipouona ule mkate nikajua. Nikasema naacha, na niliacha kweli. Nilitoka pale nimeacha."

Wakuu.

Mie ni mwakilishi wa mwajiri. Nimekaa kwenye korido ya usuluhishi, na mlalamikaji ananiambia kwa mdomo wake kwamba kweli aliacha kazi. Kwa hiyo Faraji alisikia sawa. Kwa hiyo barua yetu ilikuwa na ukweli. Na bosi ambaye amesisitiza tangu siku ya kwanza kwamba mzee kaacha ndiye huyo aliyekuwa anajua kwamba mzee huwa haachi.

Nilimuuliza swali moja tu. "Sasa mzee, Jumatatu ulirudi kufanya nini?"

Akafungua mdomo kujibu, mlango ukafunguliwa, tukaitwa ndani.

Msuluhishi alikuwa mama mmoja wa makamo, mtaratibu, miwani imening'inia kifuani. Akaeleza kwamba pale hakuna mshindi wala mshindwa, tunatafuta makubaliano. Akasikiliza upande wa mzee, ulikuwa mfupi sana. Nilikuja kazini, wakafunga geti, wakanipa barua. Basi.

Akanigeukia. "Wewe ndiye HR. Ulikuwepo. Alisema nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba nzima. Yote ikapotea. Nikasema, "Mama, alisema naacha kazi kwenu. Nimeshindwa kujua kama kulikuwa na kituo katikati."

Akanitazama juu ya miwani, maana alikuwa ameshaivaa. Akatamka polepole, kwa sauti ndogo, mara ya kwanza bila kituo, mara ya pili na kituo. Nikaona na yeye kakwama.

Akamuuliza bosi. "Huyu mzee amewahi kusema maneno ya namna hii huko nyuma?"

Bosi akaniangalia mie. Nadhani alikumbuka ya kwenye gari. Angeweza kusema hapana, na mie nisingefungua mdomo, nawaambia ukweli. Akashusha pumzi.

"Amewahi. Sana tu."

"Mlikuwa mnafanyaje?"

"Marehemu baba alikuwa anampigia simu."

"Na safari hii nani alipiga?"

Bosi akainamisha kichwa. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Msuluhishi akamgeukia mzee. Na hili swali nilikuwa naliogopa tangu koridoni. "Mzee wangu, na wewe, siku ile ulikusudia kuacha kazi?"

Mzee Mwinyi akanitazama. Macho kwa macho. Mie nikatazama meza.

Akasema, "Mie Jumatatu nilikuja kazini."

Si uongo. Si jibu pia. Msuluhishi alisubiri aongeze, hakuongeza. Na mie ambaye nilikuwa na jibu kamili kifuani nikanyamaza. Sikumnong'oneza bosi, sikuomba tutoke nje tushauriane. Nilikaa kimya mpaka wakaanza kuongelea makubaliano.

Bosi ndiye aliyeanza. Akamwambia mzee moja kwa moja, si kupitia kwa msuluhishi, "Baba, ningepiga simu. Nilitakiwa nipige. Niliona nikikupigia wewe nitakuwa nimemdondosha Faraji mbele ya watu."

Mzee akasema, "Faraji hana ubaya. Kanikosea adabu, lakini hana ubaya."

Tukaandikishana. Anarudi kazini kwake, siku zote alizokaa nje zinahesabiwa yuko kazini, ile barua inafutwa. Faraji aombe radhi kwa lile neno. Aliomba kweli, siku mzee aliporudi, mbele ya watu walewale.

Mnadhani imeishia hapo, na mie nilidhani hivyohivyo.

Mzee Mwinyi alirudi, ila alirudi tofauti kidogo. Alimwambia Faraji amuonyeshe vitufe. Kuna siku nilipita nikawakuta wameinama wote wawili wanabishana kuhusu moto wa chini. Kununa hakuacha, mie mwenyewe nilinuniwa kwa kuchelewesha gloves. Nikasema alhamdulillah, mambo yamekaa sawa, japo mie ni Mlutheri.

Basi Idd ikapita, na siku moja asubuhi akabisha mlango wa ofisi yangu. Hajawahi kubisha. Akaketi, akatoa karatasi, akaisukuma mezani.

Ilikuwa notisi ya kuacha kazi. Kaandika kwa mkono wake, kwa mwandiko wa zamani ule wa kulala. Tarehe ipo, sahihi ipo, siku ya mwisho ya kazi kaitaja.

Nikaisoma mara mbili. Nikaamka nikafunga mlango.

"Mzee, nani kakuudhi?"

"Hakuna."

"Faraji?"

"Nimekwambia hakuna."

"Kuna mtu kakulazimisha uandike? Lazima nikuulize, ndo utaratibu."

"Nimeandika mwenyewe, baada ya alfajiri, mke wangu ananiona. Kamuulize ukitaka."

Nilitaka kulia na sikujua nalilia nini. Nikamwambia, "Mzee, si tumehangaika mpaka tumekurudisha? Koridoni uliniambia ulishaacha. Sasa ulirudi wa nini?"

Safari hii hakukuwa na mlango wa kufunguliwa. Akajibu.

"Siku ile nilipofika nyumbani mke wangu kaniuliza, vipi mapema? Nikamwambia nimeacha kazi. Akaniuliza, umeachaje? Nikaanza kumwelezea, mwanangu, nikajisikia aibu. Kwamba miaka yangu yote pale nimeimaliza kwa kumjibu kijana. Nikasema sivyo. Nitarudi, halafu nitatoka vizuri. Nyie mkafunga geti."

Akainuka. "Hiyo ndiyo kuacha kazi. Nipigie muhuri nakala yangu."

Nikapiga muhuri. Ukakaa upande.

Alifanya kazi mpaka siku ya mwisho ya notisi yake, hakukosa zamu. Siku ya kuondoka bosi alimpeleka mwenyewe Mbagala kwa gari lake, na kabla ya hapo mama wa kufungasha alisoma dua pale uani, watu wote wamesimama na kofia zao za kazini. Faraji alibeba mfuko wa mzee mpaka kwenye gari. Mzee akamwambia kitu sikioni. Sikukisikia, na safari hii wala sikuhitaji kukisikia.

Sasa wakuu, nilichojifunza.

HR wenzangu na waajiri wadogo mliomo humu, mtu akitamka anaacha kazi akiwa na jambo moyoni, usikimbilie kumwandikia barua ya kukubali. Mpe muda kidogo, muite, muulize kwa heshima, uandike jibu lake. Akirudi kazini usimfungie geti halafu useme kaacha mwenyewe, maana mbele ya sheria inawezekana kabisa wewe ndiye uliyemwachisha. Na kwenye kampuni za familia, hilo swali liulizwe na mtu anayejali jibu.

La pili ni lile la kwamba mtu anaweza kuwa ameacha kazi kweli na bado akawa hajaacha. Najua halieleweki. Mie pia silielewi sawasawa, ila nimeliona.

Na sasa mnisaidie kwenye lile linaloninyima raha. Mie nililipwa na Bosi Hemed nimwakilishe. Mlalamikaji kaniambia neno ambalo lingeweza kubadilisha mazungumzo yote, na mie nikameza. Bosi mpaka leo hajui. Kuna siku najiambia nilifanya utu. Kuna siku nasema nilimsaliti mtu aliyeniamini na kazi yake, tena mtu ambaye siku hiyohiyo alikuwa na ujasiri wa kusema ukweli uliomuumiza mwenyewe.

Wanasheria, HR, na yeyote aliyewahi kukaa katikati ya watu wawili, mngefanyaje? Na kama kuna mtu wa pwani humu ndani, niambieni, nyie mnapoyasema yale maneno, kituo mnakiweka wapi?

Nipo, nasoma comments zote. Matusi pia mnaruhusiwa, ila yawe ya adabu.

Asanteni kwa kunisoma mpaka hapa.